UZI: Tired, weak, lethargic, listless... Kiingereza cha kukosa nguvu, kila neno linataja kilichopungua

Mwalimu wa Jioni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome akitulia.

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Mwenge. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wauguzi, makarani wa bima, madereva wa mashirika, akina dada wa mapokezi hotelini. Kiingereza chao si kibaya hata kidogo. Ila kuna sehemu moja ambayo wote, msomi na asiye msomi, wanajikuta na maneno mawili tu: tired na weak. Mtu aliyetoka zamu ya usiku ni tired. Mgonjwa wa malaria ni tired. Mtoto asiyetaka kucheza ni tired. Mzee ambaye mguu mmoja haunyanyuki ni weak, na binti aliyepoteza hamu ya kila kitu baada ya msiba naye ni weak. Kisha maneno hayo yanaingia kwenye faili la mgonjwa, kwenye fomu ya bima, kwenye ripoti ya shule, na mtu wa upande wa pili anafanya uamuzi kwa kuyasoma.

Hoja yangu ni moja. Kabla hujachagua neno, jiulize kilichopungua ni kitu gani. Nguvu ya misuli? Usingizi? Hamu? Akili kushtuka na kuitika? Mwendo? Kamusi nyingi zitakupa "uchovu, ulegevu, uvivu" kwa karibu maneno yote haya, lakini mwenye Kiingereza chake hayachanganyi.

Tired ni neno la kila mtu, halidai sababu. Angalia tu kinacholifuata. Tired from work maana yake kazi imenichosha mwili. Tired of work maana yake nimeichoka kazi yenyewe, siitaki. Wengi tunaandika tired with kwa kuwa kwetu husemwa "nimechoka na". Na kazi inayochosha ni tiring, mimi niliyechoka ni tired. Ukiandika "I am tiring" umewaambia watu kuwa wewe ndiye unayewachosha.

Exhausted limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuteka maji mpaka chombo kikauke. Bomba la moshi la gari, lile tunaloita ekzosi, jina lake linatoka shina hilohilo: kinachotolewa chote nje. Kwa hiyo exhausted ni mtu aliyekaukiwa, kwetu hoi bin taabani. Halihitaji very mbele yake, limeshafika mwisho.

Fatigue ni neno la kitabibu na la kihandisi, na maana ya kihandisi inasaidia kulielewa. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet, za Uingereza, zilivunjikavunjika zikiwa angani, moja Januari na nyingine Aprili. Wachunguzi waliuzamisha mwili wa ndege ya aina hiyo kwenye tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza mgandamizo tena na tena kuigiza safari, mpaka ukapasuka. Chuma hakikuzidiwa na mzigo mmoja mkubwa, kilichoshwa na mzigo uleule uliojirudia. Uchovu huo wa chuma ndio huitwa metal fatigue. Mtu mwenye fatigue naye ni hivyo: anaweza kulala usiku mzima, akaamka bado amechoka. Tired hupona kwa usingizi. Fatigue inamfanya daktari aanze kuuliza kuhusu damu, sukari, tezi ya shingo, sonona, usingizi wenyewe ukoje.

Weak ni jambo lingine kabisa. Daktari akisikia weakness anakushika mkono na kukwambia mbane, anakwambia sukuma mguu huu, inua huu. Anatafuta misuli au mishipa ya fahamu iliyogoma, anafikiria kiharusi. Sasa fikiria mgonjwa amesema "mkono wangu wa kulia hauna nguvu tangu asubuhi", mwandishi akaweka "patient is tired". Saa za kiharusi huwa chache sana.

Nimalizie kwa leo na lethargic, ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Katika hadithi za Wagiriki wa kale, kuzimu kulikuwa na mto uitwao Lethe. Marehemu akinywa maji yake anasahau yote ya duniani. Lethargy lina ukoo na jina la mto huo: usahaulifu, na uzito wa mtu ambaye yupo lakini hayupo. Mwaka 1917 huko Vienna, daktari Constantin von Economo alieleza ugonjwa wa ubongo uliowalaza watu usingizi mzito, na ukaendelea kuenea duniani hadi miaka ya 1920. Ukaitwa encephalitis lethargica. Muone neno lilikotembea: mto wa wafu, kisha ugonjwa wa ubongo.

Na leo limo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka 5, unaotumika mpaka kwenye zahanati zetu. Mtoto wa kuanzia miezi 2 huangaliwa dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au yuko lethargic au hana fahamu. Mwongozo unalieleza neno hilo: mtoto hayuko macho wakati anapaswa kuwa macho, hamtazami mama yake, hafuati uso wako unapoongea naye, anakodoa macho bila kuona. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka haraka. Ukiandika tired mahali hapo, umemrudisha kwenye foleni.

Karibuni. Listless, languid, sluggish na wenzake nitaendelea nayo kadiri mtakavyouliza.

Muuguzi Temeke

Mwalimu ubarikiwe. Umegusa kazi yangu ya kila siku.

Niongeze jambo moja ambalo wenzangu watakubaliana nalo. Akina mama wetu huwa wanasema vizuri sana. Mama haji akasema "mwanangu amechoka". Anasema "kalegea", "nikimwita hashtuki", "ananiangalia kama hanioni". Hayo ndiyo maelezo ya lethargic neno kwa neno, na mama hajawahi kuuona huo mwongozo. Linapopotea ni pale mwenye kalamu anapotafuta Kiingereza cha haraka usiku, wagonjwa wamejaa benchi, akaandika weak. Anayepokea zamu asubuhi anasoma weak, anadhani mtoto hajala.

Mimi siku hizi nikikosa neno naandika kitendo. "Does not look at mother. Does not respond to voice." Sentensi fupi, hakuna atakayezielewa vibaya.

Naomba utueleze na malaise. Vitabuni tuliikuta kwenye dalili za mwanzo za karibu kila homa, na sijawahi kumsikia mgonjwa akisema kitu kinachofanana nayo moja kwa moja.

Mwalimu wa Jioni

Dada, hilo la kuandika kitendo badala ya sifa nitalipeleka darasani kesho. Na asante kwa kusema kuwa mama huwa ameshasema. Ndiyo hasa ninachokiona: Kiswahili kimetoka kamili mdomoni kwa mtu, Kiingereza kikakipunja.

Malaise ni Kifaransa, ni hali ya kutokuwa sawa. Si maumivu ya mahali fulani, si usingizi, na misuli ikipimwa ina nguvu zake. Ni mwili kukataa raha, kabla ugonjwa haujajitaja jina. Wagonjwa wako wanaisema kila siku, sema wanaisema kwa kurudia neno: "najisikia homahoma", "mwili unachokachoka", "siko vizuri tu". Huko kurudiarudia kwetu ndiko kunakobeba ule ukungu wa malaise. Ukisikia "homahoma" na kipimajoto hakioneshi homa, andika malaise bila wasiwasi.

Mama Wawili

Shikamoo mwalimu. Mimi si msomaji wa lugha lakini neno lako moja limenishtua. Ripoti ya kijana wangu wa darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza, mwalimu wake kaandika "he has been listless in class this term". Niliangalia kwenye simu, list ikaniambia ni orodha. Baba yake akasema ni mvivu huyo, akamgombeza vibaya. Je ni uvivu?

Mwalimu wa Jioni

Marahaba mama. Hapana, si uvivu, na tafadhali mwambie baba yake leo hii.

List ya hapo si orodha. Ni kitenzi cha zamani cha Kiingereza, maana yake kupenda, kutamani. Kimeshakufa katika mazungumzo, lakini kipo kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yohana 3:8, panaposemwa upepo huvuma where it listeth. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "upepo huvuma upendako". Hiyo "upendako" ndiyo list. Listless basi ni mtu aliyeishiwa na kupenda: hana hamu ya mchezo, ya chakula, ya swali la mwalimu. Anaweza kuwa macho kabisa. Anaweza kuwa na nguvu za kubeba ndoo. Hamu ndiyo haipo. Kwetu ningesema kanyong'onyea.

Mwalimu mzuri akitaka kuandika uvivu anaandika lazy au idle, na maneno hayo yanalaumu. Listless halilaumu, linaonya. Lina huruma ndani yake. Mwalimu huyo amemwona mtoto wako akibadilika. Mtoto hunyong'onyea kwa upungufu wa damu, kwa minyoo, kwa malaria iliyotibiwa nusu, kwa kutoona vizuri ubaoni, kwa kuonewa na wenzake, kwa msiba au ugomvi wa nyumbani. Nenda umuulize mwalimu alianza kuliona lini, kisha mpeleke kijana akapimwe damu. Mimi si daktari, ila najua neno hilo halikuandikwa ili mtoto agombezwe.

Mama Wawili

Babu yake alifariki mwezi wa pili. Walikuwa wanalala chumba kimoja. Asante mwalimu, nimekuelewa.

Muuguzi Temeke

Pole sana mama. Pamoja na hilo mpime damu tu, haigharimu muda.

Fundi Gerezani

Wakuu mimi ni wa magari. Vitabu vya mafundi vinatumia sluggish kila ukurasa, "engine sluggish on acceleration". Tunajua maana yake gari ni zito, ukikanyaga mafuta halichomoki. Je naweza kumwambia mtu ni sluggish?

Mwalimu wa Jioni

Unaweza fundi, na umelishika vizuri kuliko wengi. Sluggish ni mwendo. Kitu kinafanya kazi, lakini kinaitika polepole. Injini, intaneti, mfereji uliojaa taka, mto Msimbazi wakati wa kiangazi, soko, utumbo, mtu aliyetoka kula pilau la harusi mchana. Halisemi kitu kuhusu hamu wala usingizi, na halina lawama kubwa.

Watu wengi hudhani limetoka kwa yule konokono asiye na gamba, anaitwa slug. Ni kinyume chake. Karne ya 15 slug alikuwa mtu mvivu, mzito. Konokono alipewa jina hilo baadaye sana, kwa kufananishwa na binadamu.

Mhasibu Posta

Kwenye ripoti za uchumi sluggish growth inaonekana sana. Sisi tunaandika "ukuaji umedorora". Sahihi?

Mwalimu wa Jioni

Sahihi kabisa. Kudorora ni neno zuri kwa biashara na soko. Kwa injini ya fundi wetu ningesema zito, kwa mtu pia mzito.

Ila msiichanganye na torpid. Torpid ni zaidi ya uzito, ni kukaribia kuzimika. Asili yake Kilatini, kufa ganzi. Warumi walikuwa na samaki wa jamii ya taa anayepiga umeme, anayekufisha ganzi ukimgusa, wakamwita torpedo. Daktari wao mmoja wa karne ya kwanza, Scribonius Largus, alikuwa akimtumia samaki huyo hai kutibu kichwa na jongo: unamweka penye maumivu mpaka pafe ganzi. Bomu la majini lilipata jina kwake, karne nyingi baadaye. Leo torpid na torpor hutumika sana kwa wanyama. Popo wa nchi za baridi hushusha joto la mwili na mapigo ya moyo ili asitumie nguvu. Jamii ya kamongo, tope likikauka, hujifukia na kupunguza kila kitu mpaka mvua irudi. Huyo ni torpid. Mtu ukimwita torpid umesema hana dalili ya uhai wa akili, ni tusi la kisomi. Liacheni kwa kamongo.

Kalamu Huru

Mwalimu, nakuheshimu lakini kwenye lethargic umekaza sana. Mimi nasoma magazeti na riwaya za Kiingereza miaka mingi. Wachambuzi wa mpira wanasema "a lethargic first half" kila wikiendi. Waandishi wanasema a lethargic Sunday afternoon. Hakuna anayekimbizwa hospitali hapo. Ukiwafundisha watu kwamba lethargic ni dalili ya kifo, watashindwa kusoma gazeti.

Mwalimu wa Jioni

Kaka, nakubali sehemu kubwa ya unachosema, na ni vizuri umeleta mpira.

Lethargic ina uzito tofauti kulingana na mahali. Kwenye mpira na riwaya imepungua makali: wachezaji wazito, hawaitiki, pasi inapita mbele yao wanaitazama. Hata hivyo chembe ya asili haijatoka. Mchambuzi haiti lethargic timu iliyokimbia dakika 80 ikaishiwa pumzi. Hiyo ni tired, legs have gone. Lethargic ni timu iliyoingia uwanjani ikiwa haijaamka. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaijua tofauti hiyo, wanaisema kwa njia zao baada ya kila mechi mbovu.

Ninachokataa ni kuuleta wepesi huo wa gazeti kwenye cheti cha mtoto, au kuutoa uzito wa wodini na kuupeleka kwenye barua ya kawaida. Mwanafunzi wangu mmoja wa hotelini alitaka kumwandikia mgeni kwamba wahudumu wako lethargic leo kwa sababu ya joto. Nikamzuia. Mgeni angeogopa chakula.

Kalamu Huru

Hapo tuko pamoja. Basi tueleze na languid, maana kwenye riwaya ndiyo inayonisumbua. Mara inasifia, mara inaponda.

Mwalimu wa Jioni

Languid ndilo neno pekee katika kundi hili lenye uzuri ndani yake, na ndilo ninalolipenda zaidi. Ni ulegevu usio na haraka na usioomba radhi. Mtu anapunga mkono languidly: mkono unapanda taratibu, unashuka taratibu, kama vile muda wote ni wake. Alasiri ya Jumapili pale Oyster Bay, upepo mdogo, watu wamekaa kwenye ukuta wanatazama maji, hakuna anayeongea sana. Hiyo ni languid afternoon. Hakuna aliyeumwa, hakuna anayelaumiwa. Mwandishi anaponda pale anapompa languid mtu ambaye alipaswa kuharakisha, tajiri anayenyoosha miguu huku watu wakimtumikia. Kwa hiyo uzuri wake unategemea nani analegea, na nani anafanya kazi wakati huo.

Kiswahili kina "maringo" upande mmoja na "ulegevu" upande mwingine, languid inakaa katikati. Kwenye kutafsiri mimi huwa naeleza mwendo, "akainua mkono taratibu, kwa kujilegeza", siendi kwenye nomino.

Ndugu yake languish hana uzuri wowote. Kitenzi hicho ni kudhoofika kwa kusahaulika mahali. To languish in prison ni kusota gerezani. Faili lako likiwa limelala mezani kwa mtu miezi, it is languishing there. Kusota ndiyo tafsiri, na kwa kweli naiona ina nguvu kuliko Kiingereza chake, maana unaisikia suruali ikisagika sakafuni.

Duka la Dawa Sinza

Naomba niseme la drowsy maana linagusa maisha ya watu. Dawa nyingi za mafua na mzio zina onyo "may cause drowsiness, do not drive or operate machinery". Nimewahi kuona karatasi iliyotafsiriwa "inaweza kusababisha uchovu". Kijana wa bodaboda akisoma uchovu anasema mimi nimeshazoea kuchoka, anameza, anapanda pikipiki. Drowsiness ni usingizi unaokuvamia ukiwa umefumbua macho. Tuandike: dawa hii italeta usingizi, usiendeshe chombo. Mimi mteja nikimhudumia namuuliza kwanza anafanya kazi gani.

Mwalimu wa Jioni

Sina cha kuongeza zaidi ya ngazi zake. Sleepy ni mtu anayetaka kulala, jambo la kawaida. Drowsy ni kusinzia, kichwa kinadondoka. Somnolent ni neno la daktari, usingizi mzito usio wa kawaida. Wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa mbung'o, wakifikia hatua ya ubongo huandikiwa somnolent, hawaandikiwi tired.

Afisa Utumishi

Mwalimu salaam. Kipindi cha tathmini ya wafanyakazi kimefika na bosi wetu si Mtanzania. Nina mfanyakazi anayefika kwa wakati, anakaa, lakini kazi anaifanya nusunusu na hajali ikikosewa. Nimeandika lethargic. Baada ya kusoma uzi huu nasita.

Mwalimu wa Jioni

Umefanya vema kusita. Ukiandika lethargic, bosi anaweza kudhani kijana anaumwa. Unachokieleza ni lackadaisical. Neno hilo limetoka kwenye mlio wa huzuni wa zamani, lackaday, "ole wa siku hii", wakawafanyia mzaha waliokuwa wakijilizaliza hivyo, likaishia kuwa mtu asiyeweka moyo kwenye jambo. Kwetu ni uzembe. Kilichopungua ni kujali. Apathetic linakaribia, lakini apathetic ni mtu ambaye hisia zenyewe zimekauka, huenda ana sababu nzito nyuma yake.

Na hapo naomba uulize kabla ya kuandika. Je, alikuwa hivyo tangu mwanzo, au alikuwa mchapakazi akabadilika? Kama alibadilika, huenda neno ni burnout. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliliandikia makala mwaka 1974, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililieleza katika orodha yake mpya ya magonjwa, likisisitiza kuwa si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Alama zake tatu ni kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kushuka kwa ufanisi. Mbili za mwisho ukizitazama kwa nje zinafanana kabisa na uzembe. Lackadaisical linamshtaki mfanyakazi. Burnout linaielekezea ofisi swali. Kuna mtu atapoteza mkate kwa kuchanganya haya mawili.

Afisa Utumishi

Alibadilika. Tangu wenzake wawili waondoke na hatukuajiri wengine. Nitazungumza naye kwanza.

Mwanafunzi Kidato cha Tano

Mwalimu, mtihani wa majaribio uliuliza maana ya enervated, darasa zima tuliandika "kupewa nguvu" kwa sababu inafanana na energy. Tulikosa wote.

Mwalimu wa Jioni

Msihuzunike, hata wenye lugha yao hulikosea. Energy ni Kigiriki, linatokana na neno la kazi. Enervate ni Kilatini, kutoa kano mwilini, unabaki nyama tupu isiyoweza kujivuta. Kwa hiyo ni kunyonywa nguvu. Mfano hautakuponyoka kama umewahi kupanda daladala ya Mbagala saa nane mchana mwezi wa pili, umesimama, madirisha hayafunguki: the heat was enervating. Hukufanya kazi yoyote, joto lenyewe limekutoa kano.

Mhasibu Posta

La mwisho kwangu mwalimu. Nina homa tangu Jumapili, nimepewa ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku tatu, bosi anataka barua pepe ya Kiingereza. Nilikuwa nimeandika "I am very tired and lethargic, I am not able to come". Niirekebishe vipi?

Mwalimu wa Jioni

Pole sana. Ondoa yote mawili. Tired litamfanya afikirie ulikesha, lethargic litamfanya ashangae umewezaje kuandika. Sema ugonjwa kwanza, kisha kilichopungua: "I have had a fever since Sunday. I still feel weak and cannot stand for long. The doctor has given me three days off, and the sick sheet is attached." Kama ni kweli kuwa ukisimama miguu inatetemeka, weak ni mahali pake hapo. Kama miguu iko sawa na ni mwili tu hauna raha, andika "I still feel unwell". Malaise usiiweke kwenye barua ya kazi, hiyo mwachie daktari. Na ile karatasi ya ED usisahau kuiambatisha kabla hujabonyeza kutuma.